Baiskeli ya masafa marefu katika miezi ya baridi nyanda za juu kusini: nitalindaje saa zangu za mazoezi?

Binti Uyole

Ndugu wanajamvi, salaam. Ninaishi Uyole, Mbeya, na ninajiandaa kwa triathloni ya nusu masafa, yaani kuogelea kilomita 1.9, kuendesha baiskeli kilomita 90 na kukimbia kilomita 21.1. Nimepanga kushiriki mwishoni mwa mwaka, katika ukanda wa pwani wenye joto. Hadi mwezi Mei ratiba yangu ilikwenda vizuri: kila Jumamosi nilitoka saa 12 asubuhi, nikaendesha kwa saa nne hadi tano, nikakimbia kidogo mara tu baada ya kuteremka, kisha nikawahi kazini saa 8 mchana.

Tangu Juni ilipoingia, ratiba hiyo imekuwa ngumu kuifuata. Saa 12 bado ni giza, na jua halichomozi mpaka karibu na saa 1. Asubuhi nyingine umande huwa umeganda kwenye majani ya viazi kandokando ya barabara. Njia yangu ya siku zote ni kupanda kutoka Uyole hadi Isyonje, kushuka kuelekea Tukuyu na kurudi, na kule juu ukungu ni mzito kiasi cha kutoona taa za gari mpaka likukaribie. Wakati wa kushuka vidole hufa ganzi, nami siwezi kuiamini breki yangu. Chakula sikitamani, na maji narudi nayo chupani karibu yote.

Programu za mazoezi ninazozipata mtandaoni zimeandikwa kwa watu wa Ulaya na Marekani, ambao baridi yao huangukia Desemba hadi Februari, baada ya msimu wa mashindano kwisha. Kwao ni wakati wa kupumzika na kufanya mazoezi mafupi ya ndani. Kwetu baridi inaangukia katikati kabisa ya maandalizi, kwa hiyo sioni kama ninaweza kuzifuata jinsi zilivyo. Naomba ushauri wa wenye uzoefu wa mikoa hii: je, nipunguze safari ya Jumamosi iwe ya saa mbili mpaka Septemba, ninunue ile stendi ya kufungia baiskeli nikanyage ndani, au kuna namna ya kuendelea barabarani kwa usalama? Kuhusu mavazi pia naomba mwongozo, kwa kuwa nguo maalumu za baridi za waendesha baiskeli sijaziona zikiuzwa hapa Mbeya.

Mzee wa Kawetire

Binti Uyole, hujambo. Usikubali kuipunguza safari hiyo hadi saa mbili kwa miezi mitatu. Mtu anaweza kubakiza kasi yake ya masafa mafupi kwa mazoezi machache yenye nguvu, lakini uwezo wa kustahimili saa tatu juu ya baiskeli na kisha kukimbia nusu marathoni hujengwa kwa muda mrefu wa kukanyaga kwa utulivu, na muda huo ukikatwa mno uwezo huo hushuka hata kama miguu bado ina kasi. Unachopaswa kubadilisha ni saa ya kuondoka na njia unayopita.

Nianze na njia, kwa sababu naamini ndiko tatizo lako kubwa liliko. Milima ya Uporoto, unayoivuka pale Isyonje, katika miezi hii ni mahali pa ukungu na manyunyu hata pale Mbeya mjini panapokuwa pakavu kabisa, kwa kuwa upepo wa kusini mashariki hupanda milima ile ukiwa na unyevu wa Ziwa Nyasa. Unapanda hadi zaidi ya mita 2,000 ukiwa umelowa jasho, unashuka Tukuyu kwenye manyunyu, unapanda tena, halafu unamalizia kwa kushuka Uyole ukiwa umechoka na umelowa. Kwa maneno mengine, mteremko wako mrefu wa mwisho unaukuta wakati mwili umeishiwa akiba ya kujipasha joto.

Jaribu barabara ya Chunya. Kutoka mjini unapanda kupitia msitu wa Kawetire, mita 600 na zaidi za mwinuko, na ukipanda taratibu mwili unapata joto lake wenyewe bila upepo wa kukupiga. Ukifika juu jua limeshatoka vizuri, na upande wa pili unashuka kuelekea Chalangwa na Chunya, ambako ni chini na kukavu. Ukirudi unaupanda mlima ule ule kwenye joto la mchana, na mteremko wa mwisho wa kuingia Mbeya unaukuta jua likiwa juu. Malori ni machache kuliko barabara kuu ya Tunduma, nami nisingekushauri kabisa kuitumia barabara kuu upande wa Inyala au mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi. Sote tunazijua ajali za maeneo hayo.

Kuhusu saa ya kuondoka, usitoke kabla ya jua. Usiku wa mbingu zisizo na mawingu hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka kutoka milimani na kutulia mabondeni, ndiyo maana alfajiri Uyole na maeneo ya chini huwa na baridi kali kuliko miteremko iliyo juu yake. Jua likipiga kwa saa moja hali hubadilika kabisa. Ukitoka saa 2 na nusu utakuwa umeokoa vidole vyako bila kununua chochote.

Sasa mavazi. Baridi ya mwendesha baiskeli ni upepo pamoja na jasho. Hewa ya nyuzijoto 8, ukishuka kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa, ngozi yako huiona kama nyuzi 3 hivi, na hapo bado hatujahesabu fulana iliyolowa. Ndani vaa fulana nyepesi ya sufi au ya kitambaa cha michezo, ambazo mitumbani zipo nyingi. Epuka pamba, kwa sababu ikishika jasho haikauki. Mikononi, chukua soksi ndefu za mpira wa miguu, kata ncha za vidole, uzivae kama mikono ya sweta unayoweza kuivua bila kusimama kwa muda mrefu. Magoti yafunikwe mpaka hewa ipate joto. Miguuni, mfuko wa mkate kati ya soksi na kiatu huzuia upepo vizuri sana. Viganjani, glovu za sufi ndani na glovu za pikipiki juu yake, lakini kabla ya kuondoka kaa kwenye baiskeli ukiwa umezivaa uhakikishe kwamba vidole viwili vinaifikia breki na kuibana mpaka mwisho. Glovu nene isiyokuruhusu kufanya hivyo iache nyumbani.

Jambo la mwisho ndilo ninalolisisitiza kwa vijana wote wanaopita Kawetire. Simama juu ya mlima kabla ya kushuka. Fungua zipu, jifute jasho kifuani na shingoni kwa kitambaa kikavu, weka gazeti lililokunjwa mara mbili kati ya fulana na koti, funga zipu mpaka kidevuni, ndipo ushuke. Gazeti huzuia upepo na hunyonya unyevu, nawe ukifika chini unalitoa na kulitunza kwa mteremko unaofuata. Wengi husubiri mpaka wasikie baridi katikati ya mteremko, na wakati huo mikono imeshakuwa migumu hata kufunga zipu hawawezi.

Mpanda Sao Hill

Ninaandika kutoka Mafinga, ambako baridi ya Juni na Julai haina tofauti kubwa na ya kwenu. Nakubaliana na Mzee wa Kawetire kuhusu njia na mavazi, ila naona ushauri wa kutoka saa 2 na nusu haujazingatia kwamba dada anapaswa kuwa kazini saa 8. Ukitoa muda wa kuoga, kula na kukimbia kidogo baada ya baiskeli, zinabaki saa tatu na nusu hivi barabarani, na kwenda Chunya na kurudi kwa muda huo, pamoja na milima ile, ni kujitafutia haraka isiyo na faida. Ageuzie njiani, Chalangwa au hata kabla yake, na muda unaopungua autafute ndani ya nyumba.

Hapa ndipo ile stendi inapokuwa na thamani. Ile ya sumaku, inayobana gurudumu la nyuma juu ya roleri, haihitaji umeme, kwa hiyo hata umeme ukikatika alfajiri unaendelea. Panda saa 12 kamili ndani, ukanyage kwa saa moja na robo kwa juhudi ya chini, ile ambayo unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Fungua mlango au dirisha hewa iingie, kwa sababu ndani hakuna upepo wa mwendo na jasho hutoka jingi kuliko unavyotarajia. Kisha vua kila kitu kilicholowa, jikaushe, vaa nguo kavu, kunywa uji, na saa 2 uko barabarani huku miguu imeshafunguka. Jumla ya saa zako inabaki ile ile. Tumia tairi kuukuu kwa kazi ya ndani, maana roleri hulila tairi haraka, na tairi lililolika kwa namna hiyo halifai kwa mteremko.

Sikubaliani na wanaohamishia safari nzima ndani. Kwenye mashindano ya aina hii washiriki wa kawaida hawaruhusiwi kujificha nyuma ya baiskeli nyingine, kwa hiyo kilomita 90 zote utapambana na upepo peke yako, na jambo hilo hulijui mpaka ulizoee nje. Huku kwetu, kuanzia Mafinga hadi Makambako, upepo wa msimu huu huanza kuvuma kwa nguvu kadiri jua linavyopanda. Ninachofanya ni kuanza safari kwa kwenda kinyume cha upepo, nikiwa na nguvu na nguo bado kavu, ili wakati wa kurudi, nikiwa nimelowa jasho, upepo uwe mgongoni. Siku za upepo mkali zaidi naingia kwenye barabara za vumbi za msitu wa misonobari wa Sao Hill kwa baiskeli ya milimani, ambako miti inakukinga pande zote na saa tatu za kukanyaga zinapita bila lori hata moja kukupunguzia nafasi. Kwenu Mbeya sijui kama kuna msitu wa namna hiyo wenye njia ndefu za kutosha, wenyeji watakueleza.

Naongeza jambo la pancha, kwa kuwa kwenye baridi si jambo dogo. Bega la barabara kuu limejaa nyaya nyembamba za chuma zinazotoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka. Waya huo ni mwembamba kama uzi wa kushonea, unaingia kwenye tairi bila kuonekana, na upepo hutoka polepole mpaka unapogundua uko mbali na nyumbani. Usijaribu kuziba tyubu kando ya barabara asubuhi ya baridi: solusheni hukawia kukauka, vidole havina nguvu ya kugandamiza kiraka, na jasho lako linageuka barafu mgongoni wakati unasubiri. Beba tyubu mbili nzima. Vaa koti kabla ya kugusa gurudumu. Ukishatoa tyubu iliyotoboka, pitisha kitambaa cha pamba taratibu ndani ya tairi lote. Pale kitakapokwama nyuzi zake ndipo waya ulipo, uuchomoe kwa kibano kidogo. Usipoutoa, tyubu ya pili nayo itatoboka kabla hujafika mbali.

Tabibu wa Gangilonga

Nimesoma mchango wa waliotangulia kwa makini, nami nazungumzia lile ambalo dada amelitaja kwa kupita tu, yaani kurudi na maji chupani na kutotamani chakula. Kwa maoni yangu hilo linachangia kusumbuliwa kwake na baridi kuliko hata mavazi.

Katika baridi hisia ya kiu hupungua, wakati mwili unaendelea kupoteza maji kwa jasho, kwa pumzi na kwa mkojo. Hewa ya nyanda zetu katika msimu huu ni kavu, na mtu anayehema kwa saa nne kwenye mwinuko wa Mbeya au Iringa hupoteza maji mengi kwa pumzi peke yake. Baridi yenyewe pia huongeza mkojo, kwa kuwa mishipa ya ngozi hujibana na damu nyingi zaidi hurudi katikati ya mwili, na figo hulichukulia hilo kana kwamba maji yamezidi. Kwa hiyo usingoje kiu. Kunywa mafunda machache kila robo saa, na ujaze chupa maji ya vuguvugu badala ya baridi, kwa sababu maji ya baridi ndiyo yanayokufanya usiyatamani. Kinywaji cha kutengeneza nyumbani kinatosha: lita moja ya maji, vijiko vitano vya mezani vya sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi na limau la kukamulia. Tangawizi ukipenda.

Chakula nacho kina hesabu yake. Kwa safari inayozidi saa mbili na nusu, lenga takribani gramu 60 za wanga kwa kila saa. Ndizi mbivu ya ukubwa wa kati ina gramu 25 hivi, na lita ya kinywaji nilichokitaja ina gramu 60 hivi, kwa hiyo nusu lita pamoja na ndizi moja kwa saa inakufikisha karibu na lengo. Viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, tende au kashata vinafaa pia. Anza kula ndani ya nusu saa ya kwanza, kabla hujasikia haja. Kutetemeka kwenyewe hutumia sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli, na mtu aliyeishiwa sukari hushindwa hata kutetemeka vizuri, hivyo njaa na baridi huongezeana nguvu. Mambo haya mawili hayatenganishwi.

Ukiona unatetemeka bila kuweza kujizuia, mikono inashindwa kufungua kifuniko cha chupa, au maneno yanatoka kwa shida, safari imekwisha. Ingia kwenye nyumba au duka lililo karibu, vua nguo zilizolowa, jifunike, kunywa chai ya moto yenye sukari nyingi, na upande gari kurudi. Kwa sababu hiyo usiondoke bila simu yenye chaji na nauli, na simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, maana betri hupungua nguvu haraka ikipigwa na baridi.

Kwa wenye pumu, hewa baridi na kavu inaweza kubana njia za hewa wakati wa mazoezi. Kitambaa chepesi kilichofunika pua na mdomo husaidia kuilainisha hewa kabla haijafika kwenye mapafu, kuanza polepole kwa dakika 15 husaidia zaidi, na dawa ya kuvuta iwe mfukoni wakati wote. Kikohozi kinachoanza kila baada ya safari na kisichokuwapo siku nyingine kisipuuzwe. Nenda kituo cha afya ukapimwe.

Binti Uyole

Shikamoo Mzee wa Kawetire, na shukrani za dhati kwa kaka wa Mafinga na Tabibu. Nimeamua kuiacha njia ya Isyonje mpaka Septemba, na mpango wa kuanzia ndani kisha kutoka saa 2 unaingia vizuri kwenye ratiba yangu ya kazi. Swali langu la mwisho: nikizoea baridi hii kwa miezi mitatu, je, joto la pwani halitaniangusha siku ya mashindano?

Mzee wa Kawetire

Marahaba, binti yangu. Litakusumbua kama utalikuta siku hiyo hiyo kwa mara ya kwanza, lakini mwili hujifunza joto haraka. Kwa kawaida siku 10 hadi 14 za mazoezi kwenye joto zinatosha: maji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema, na mapigo ya moyo hushuka kwa juhudi ile ile. Mazoea hayo hupotea taratibu ukirudi kwenye baridi, kwa hiyo yasifanyike mapema mno. Yaweke katika wiki mbili au tatu za mwisho.

Bahati yetu ni kwamba joto liko karibu. Usangu, kuanzia Chimala hadi Rujewa na ile barabara ya kuingia Ubaruku, ni tambarare na kuna joto, ila joto lake ni kavu. Mashindano yako ni ya pwani, kwa hiyo Kyela inakufaa zaidi: iko kwenye mwinuko wa mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, zaidi ya mita 1,000 chini ya Uyole, na hewa yake ina unyevu. Panda basi na baiskeli yako, shukia Kikusya, uendeshe kupitia Ipinda hadi Matema kwenye lami iliyo bapa katikati ya mashamba ya mpunga, uende na kurudi mpaka saa zako zitimie, kisha ukimbie dakika 20 hapo hapo. Kama utaweza kupata likizo ya wiki moja na kuiunganisha na siku za kuwahi kufika kwenye mashindano, utakuwa umeitimiza hesabu hiyo.

Ukiwa Matema unaweza pia kuogelea ziwani, jambo ambalo bwawa haliwezi kukufundisha. Waulize kwanza wavuvi wa hapo ni sehemu zipi salama, na ukae mbali na midomo ya mito kwa sababu ya mamba.